Chupa Namba 114

Lebo imeliwa na spiriti. Yamebaki maneno mawili
kwa mwandiko wa marehemu Mlongecha:
"Ujiji, sokoni", na tarehe isiyo na mwaka.
Ndani, samaki mmoja, kiganja na nusu,
mgongo umeegemea kioo.

Mwanafunzi wa mafunzo kamwinua, kapiga kelele:
"Dada Nyamwiza, spishi mpya! Ziwa limezaa!"
Weka chini kwanza. Ziwa huzaa kimyakimya.
Lete sahani, kibano, na taa ile ya shingo ndefu.
Tuhesabu.

Mapezi ya mgongoni mawili, yameachana,
katikati pengo la kutosha ncha ya kidole.
La kwanza miiba minane, ule wa mwanzo
mdogo kama kibanzi cha ukucha, rahisi kuuruka.
La pili miali tisa, laini.
Magamba makubwa. Kwenye mstari wa ubavuni
mimi nilipata ishirini na saba, yeye ishirini na nane;
tukarudia, tukabadilishana namba.

Rangi imekwenda. Formalini haina huruma na manjano.
Weusi tu ndio uliokataa:
utepe mmoja, toka mdomo wa juu,
ukapita jichoni kama wanja uliopotea njia,
ukaishia chini ya pezi la pili.
Kisha patupu.
Kisha doa la duara kwenye shina la mkia,
nukta iliyochelewa sentensi yake.

Na kidevuni (hapa mwanafunzi alinyamaza)
ndevu mbili.
Si nane za kambare, asiye na gamba hata moja.
Mbili, nene, zimelazwa nyuma kooni
kama miwani iliyorudishwa kwenye ala.
Nikazivuta kwa kibano. Zikasimama.
Ningeapa zilikuwa zinatafuta mchanga.

Huyu ni mkundaji, nikasema.
Nilimla Kunduchi nikiwa chuoni, wa kukaanga, kwa ndimu.
Huchimbua mchanga kwa ndevu, anaonja asichokiona.
"Kunduchi ya baharini?"
Ya baharini.
Tukatazama nje pamoja, kama wajinga,
maji ya Kigoma yasiyo na chumvi, yasiyojua kupwa.

Labda alikuja kwenye barafu ya behewa la chakula,
kilometa elfu na zaidi, akinuka kila stesheni.
Labda kwenye gunia la ng'onda, kabla hajakauka.
Labda Mlongecha, yule mtani,
alitaka kutucheka akiwa kaburini.

Fomu ina visanduku vinne.
Jina la kisayansi: nikanakili toka kitabuni,
herufi kwa herufi, Parupeneus barberinus.
Jina la kienyeji: mkundaji (kienyeji cha wapi, haikuuliza).
Alipopatikana. Asili.

Kalamu ikagoma.

Juma lililopita mjomba Ntahondi alishinda Uhamiaji
na vyeti vitatu vya ubatizo vya Kasulu.
Kaburi la babu yako liko wapi?
Chini ya mihogo ya mtu.
Sema neno la Kiha.
Akasema.
Hilo hata wa ng'ambo wanalijua.
Alirudi jioni na risiti ya soda.

Samaki tulimmaliza kwa saa mbili na robo.
Hakuitwa tena kesho. Hakuambiwa alete shahidi.
Mfu, bubu, na miiba yake minane ikatosha.

Nikaiweka kalamu, nikachukua penseli,
maana spiriti hula wino.
Asili: bahari.
Alipopatikana: Ujiji, sokoni.
Nikasoma yote mawili kwa sauti. Hayakugombana.

"Sasa tumrudishe rafu gani?"
Palepale, kati ya kuhe na sangala.
Nikajaza spiriti mpaka shingoni mwa chupa,
nikafunga kifuniko, nikafuta vidole vyangu kiooni.

Ndevu zilikuwa bado zimesimama.